Kazi ya Laiti

4 Februari 1988

Chiriku,

Nakuandikia nikiwa nimekaa, na ni saa nne asubuhi, saa za kazi. Usishtuke, sijafukuzwa. Nimekaa kwa amri ya ofisi.

Habari yenyewe ni hii, na umsomee Mama polepole maana masikio yake nayajua. Tangu wiki iliyopita sipakii tena vigae. Nimehamishiwa kazi wanayoiita laiti. Nimepewa stuli, meza ndogo, kalamu nyekundu, na kizibao cha kijani chenye maandishi mgongoni. Maboksi yakishushwa naangalia karatasi iliyobandikwa ubavuni, naangalia orodha yangu, naweka alama. Boksi likiwa na kona iliyovunjika naandika "kasoro". Basi. Sinyanyui kitu. Hata stuli yenyewe, jioni mtu mwingine ndiye huirudisha stoo.

Msimamizi wetu alikuja mwenyewe kunivisha kizibao. Tunamwita Bwana Saa, kwa sababu hata ukimwamkia anaangalia saa kwanza ndipo aitikie. Akasema, "Tingatinga, sasa wewe ndiye bosi. Unakaa kuliko mimi." Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Ghala ni lilelile, bati juu, saruji chini, vumbi jeupe katikati. Chumbani bado tuko wanane. Nimebadilishana kitanda na mwenzangu, mimi nimeshuka chini, yeye kapanda, na tangu siku hiyo jina lake limekuwa Wa Juu. Anakusalimu ingawa hakujui. Anasema dada wa mtu ni wa kusalimiwa.

Miguu ya Mama imepungua kuvimba? Mwambie mwanawe sasa anakaa kivulini.

Kaka yako,
Tingatinga

*

1 Machi 1988

Kaka,

Barua yako ilifika Jumamosi nikiwa na sare kumi na nne za shule hazijatiwa vifungo. Nikaziacha. Mama alinifanya niisome mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ananitangulia maneno.

Ila hilo neno lako limetutesa. Mimi nilipoliona nililirudia mara mbili. Laiti! Kwetu laiti ni neno la mtu aliyekwisha kuharibikiwa. Laiti ningejua, laiti ningesikia. Nikajiuliza, kazi ya laiti ni kazi gani hiyo, ya kukaa kwenye stuli na kujuta? Nikamwita barazani kwetu Mzee Stempu, yule karani mstaafu wa posta wa nyumba ya pili. Akavaa miwani, akaikunja barua, akaikunjua, akasema, "Mwanangu, hili si letu. Hili ni la Kiingereza. Light. Maana yake taa. Kaka yako anashughulika na mataa." Nikamwambia, lakini Mzee, anaandika habari za maboksi. Akasema, "Maboksi ya nini? Ya taa." Huwezi kubishana na mtu aliyegonga mihuri miaka thelathini.

Mama alikuwa anasikiliza dirishani. Sasa mtaa mzima unajua kwamba mwanawe ni mtu wa taa. Muuza mkaa kapita leo akamwuliza, "Mama Tingatinga, huyo mwanao atatuletea umeme lini?" Mama akamjibu, "Akiuleta wewe utauza nini?" Yule bwana akasukuma mkokoteni wake.

Mama hajambo, ila amepungua kidogo. Daktari kasema apewe chakula laini. Nimemhamishia chumba cha mbele, karibu na cherehani yangu, tunapiga soga mchana kutwa. Usiwe na wasiwasi.

Sasa jambo alilonituma. Anasema kama kazi imekuwa rahisi, uombe ruhusa uje akuone. Miaka minne, Kaka. Nilimwuliza, "Nimwambie akuletee nini?" Akasema, "Alete uso wake." Hajataka kingine. Mwezi wa saba shule zikifungwa mimi nitakuwa na nafasi ya kukupikia. Usimjibu "nitaangalia". Jibu hilo analijua.

Mdogo wako,
Chiriku

*

24 Machi 1988

Chiriku,

Nimecheka mpaka nikashika meza kwa mikono miwili. Mtu wa taa! Mwache Mama na taa zake, usimnyang'anye.

Lakini wewe ujue. Laiti si taa, wala si majuto. Ni nyepesi. Kazi nyepesi. Mimi naliandika ninavyolisikia, shule yangu unaijua iliishia wapi. Na Mzee Stempu hajakosea sana, maana neno hili lina nyumba nyingi, na kila nyumba lina tabia yake. Kuna vigae vya kijivu ambavyo boksi lake limeandikwa neno hilohilo. Mwaka ule nafika nilidhani wamenionea huruma, wameniandikia kwamba hili ni jepesi. Nikalinyanyua kwa mkono mmoja, kwa mbwembwe, watu wanatazama. Likanishukia kidoleni. Kumbe ni kijivu cha kupauka, rangi isiyokolea, na kilo ni zilezile ishirini na tano.

Mlinzi wa getini naye ana maana yake. Kwake mtu mwenye vidole vya laiti ni mwizi. Siku ya kwanza nilipotoka na kizibao changu alinipekua mpaka kwenye soksi. Na Wa Juu anasema usingizi wake ni wa laiti, nikijigeuza tu huku chini anauliza, "Vipi, ndugu?" Namwambia lala. Baada ya muda nageuka tena, anauliza tena.

Sasa habari ya ruhusa. Nimeuliza. Mtu wa laiti hapewi ruhusa. Wanaopewa ni wenye kazi kamili. Ndiyo utaratibu wao, sikuutunga mimi. Hati yangu ya kusafiria iko kwenye kabati la ofisi na ufunguo anao karani. Mwambie Mama avumilie kidogo. Usiniulize sana, Chiriku.

Kaka yako,
Tingatinga

*

17 Aprili 1988

Kaka,

Nitakuuliza sana.

Ulipokuwa na kazi nzito ulisema ruhusa haipatikani kwa sababu mizigo ni mingi. Sasa una kazi nyepesi, unasema ruhusa haipatikani kwa sababu kazi ni nyepesi. Ibaki kazi gani basi, tukuombee? Mtu anayekaa kwenye stuli na kalamu nyekundu anakosa hata wiki tatu? Au huko umepata watu wengine wa kuona uso wako? Niambie tu, mimi si mtoto, nimeshawahi kuachwa na mume, naijua barua ya mtu asiyetaka kurudi. Huwa na vichekesho vingi.

Barua yako nilimsomea Mama. Nilikasirika mbele yake. Akaninyamazisha. Akasema, "Muache kaka yako. Kama hapewi, hapewi." Halafu akageukia ukutani. Nilitaka angalau akasirike na yeye, tukasirike wawili.

Nimeazima kamusi kwa mwalimu ninayemshonea. Nimelitafuta hilo neno lako. Mzee Stempu angeona aibu. Limejaa safu nzima. Yenye mwanga. Isiyo nzito. Rangi hafifu. Upepo mdogo. Chakula kisichoshibisha. Moyo usio na huzuni. Mtu asiyefikiri sana. Nilipofika hapo nikasema huyu ndiye kaka yangu, nimempata. Na sisi tuna wepesi wetu, nikuongezee: mwepesi wa kuahidi, mwepesi wa kusahau.

Hapa maisha yanaendelea. Asubuhi namtoa Mama nje aote jua, namnyanyua mwenyewe, namweka kwenye kiti, jua likizidi namrudisha. Sihitaji msaada wa mtu. Nakuambia ili ujue kazi zinafanyika hata usipokuwepo.

Chiriku

*

9 Mei 1988

Chiriku,

Matusi yako nimeyasoma na nimeyapokea. Lakini kuna mstari mmoja nimeusoma mara nyingi kuliko yote. Unasema unamnyanyua Mama mwenyewe.

Wewe, mwenye kiuno cha uzi wa cherehani, unamnyanyua mama yetu? Mama ninayemjua mimi alikuwa anabeba gunia la pumba kichwani na wewe mgongoni. Siku alipougua malaria tulimtoa kitandani watu watatu na baba akiwa hai. Amebaki kiasi gani, Chiriku? Umeniandikia "amepungua kidogo". Kidogo ni kiasi gani? Niambie ukweli. Na ili usiseme nadai nisichotoa, nakupa wangu kwanza.

Tarehe 19 Januari niliinama kuchukua boksi. Hakuna kisa. Kamba haikukatika, mtu hakunisukuma. Boksi la kawaida, la elfu ngapi sijui, na mgongo ukasema tak, kama kijiti. Nilibaki nimeinama. Wakanibeba kwa ubao wa kubebea vigae. Daktari wa kampuni akasema kuna kitu kimetoka mahali pake kati ya mifupa, akanipa vidonge na karatasi. Karatasi inasema nisinyanyue zaidi ya kilo tano. Kizibao cha kijani si cheo. Mgongoni kimeandikwa niko kazi nyepesi ili mtu asije akanipa mzigo kwa bahati mbaya, na mtu asije akasema mimi mvivu. Ni kama kengele shingoni mwa mbuzi mgonjwa.

Sikukudanganya, hilo nataka ulijue. Niliandika neno lenyewe kama lilivyo. Lakini nilijua mtalisikiaje, na nikaliacha linidanganyie. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, nimejificha nyuma ya neno la kigeni.

Walio kwenye laiti hawapewi ruhusa kwa sababu ofisi inaogopa wakienda hawarudi, na hawataki aende mtu mbovu aonwe na daktari mwingine. Njia ni moja. Tarehe 6 Juni kuna kupimwa. Unanyanyua boksi moja kutoka sakafuni mpaka mezani, mara tatu, daktari akiangalia. Ukiweza anaandika mzima, unarudi kazi kamili, na wa kazi kamili ana haki ya ruhusa; zamu inayofuata ya ruhusa inaanza tarehe 4 Julai. Nimeshaandika jina langu.

Wa Juu ananizuia. Anasema, "Utavunjika." Nimemwambia, ni mara tatu tu. Kwa miaka minne nimenyanyua mara mia tatu kwa siku kwa ajili ya watu nisiowajua wakatie vigae bafuni. Mara tatu kwa ajili ya mama yangu zinanishindaje?

Mama asijue. Msomee kitu kingine, buni.

Kaka yako,
Tingatinga

*

29 Mei 1988

Kaka yangu,

Barua imefika jana. Leo ni tarehe ishirini na tisa, na wewe unapimwa tarehe sita. Barua hii haitawahi, najua. Kwa hiyo kesho posta ikifunguliwa natuma simu ya maandishi, neno moja, USINYANYUE. Mzee Stempu anakwenda na mimi ahakikishe wanaiandika sawasawa.

Kwanza ukweli unaoudai. Ni ini. Daktari alisema tangu Februari. Alisema dawa ni za maumivu tu. Mama hali zaidi ya vijiko sita. Niliandika "amepungua kidogo" kwa sababu nilijua nikikuambia utaacha kila kitu uje kwa miguu, na Mama mwenyewe alisema usiambiwe, aliyeko mbali asibebeshwe. Alitaka uje kwa wema wako, si kwa kuitwa na ugonjwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wasemavyo. Mimi nikakutukana kwamba hubebi, kumbe umelala chini yake.

Nisamehe ile habari ya watu wengine wa kuona uso wako.

Sasa sikiliza. Nilijaribu kubuni kama ulivyosema. Nikaanza, "Kaka anasema huko hali ya hewa ni nzuri..." Mama akanikatiza. "Soma kilichoandikwa. Kubuni hujui. Ukibuni sauti yako inakuwa kama ya tangazo." Nikasoma. Nilisoma yote, nikilia, mpaka jina lako pale mwisho. Yeye hakulia. Akasema, "Nilijua tangu barua ya kwanza."

Nikamwuliza alijuaje. Akasema, "Mtu hapewi kazi nyepesi, mwanangu, ila ameshindwa nzito."

Unakumbuka tulipokuwa wadogo, Mama alivyokuja nyumbani kutoka kinu cha unga akatuambia amepandishwa cheo, habebi tena magunia, sasa anashona midomo yake? Tukarukaruka. Baba akamnunulia viatu. Kumbe bega lilikuwa limetoka. Hakuweza kuinua mkono kupita kiuno. Walimweka kwenye sindano kwa sababu walimwonea haya, na baada ya miezi mitatu wakamwambia asirudi. Tukaambiwa kinu kimefungwa. Hakikufungwa, Kaka. Nimekaa na mwanamke huyu miaka thelathini na nne na nimelijua hili jana.

Na ile habari ya taa. Nikamwambia, "Kumbe ulijua, sasa mbona ulimwamini Mzee Stempu?" Akacheka kidogo, kucheka kwake kwa sasa ni pumzi tu. Akasema, "Nani alimwamini? Nilisikia watu waliosimama nje ya dirisha wanauliza kwa nini mwanangu ameacha kubeba. Yule mzee akasema taa. Nikaona hiyo ni nzuri zaidi. Nikaichukua." Alikuwa anakufunika, Kaka. Muuza mkaa, muuza maji, mama wa nyumba ya kona, wote aliwaambia taa, taa, asije mmoja wao akasema kijana wake ameisha.

Ujumbe wake ni huu, kaniamuru niandike kama alivyosema: "Mwambie asiliguse hilo boksi. Akiligusa kwa ajili yangu sitamsamehe. Mimi uso wake ninao."

Lakini jioni aliniuliza, tarehe nne Julai ni baada ya siku ngapi. Nimekuambia ukweli, na huu nao ni ukweli.

Mdogo wako,
Chiriku

*

10 Juni 1988

Dada Chiriku,

Mkono huu si wa kaka yako, ni wangu mimi wa kitanda cha juu. Yeye anasema, mimi naandika. Amelala kifudifudi na anapiga kelele niandike kama anavyosema nisiongeze kitu. Sijaongeza bado.

Chiriku, simu yako ilifika tarehe tatu. Karani wa ofisi hajui lugha yetu, aliibandika ubaoni kati ya tangazo la sabuni na orodha ya zamu, watu wote wa kwetu wakaisoma kabla yangu. Siku mbili nzima kila niliyekutana naye kwenye korido aliniambia, "Usinyanyue." Mpaka mpishi. Niliichukua nikaitia mfukoni. Ilikuwa mfukoni nilipoinama.

Ya kwanza ilipanda. Ya pili ilipanda. Ya tatu sikuisikia, nilisikia mlio tu, lakini niliona boksi liko mezani, kwa hiyo ilipanda. Daktari hakuinua kichwa. Akaandika, akagonga muhuri. Nikasema asante. Nikatembea mpaka mlangoni, nikafungua mwenyewe, nikafunga mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la nje, na sikuinuka tena.

(Tulimtoa sisi wanne. Hili naongeza mimi.)

Sasa kwa karatasi mimi ni mzima. Kizibao nimerudisha. Ofisi imetoa ruhusa kuanzia tarehe nne Julai, na hati yangu iko chini ya mto. Mpaka siku hiyo natakiwa niwe ghalani napakia. Siwezi. Wenzangu wanaigawana sehemu yangu, maboksi kumi na matano kila mmoja, na jina langu linaitikiwa asubuhi na mtu mwingine kila siku. Bwana Saa anajua. Juzi alisimama mlangoni pa chumba chetu, akaniona, akaangalia saa yake muda mrefu, akaondoka. Sijui ni huruma au ni nini. Sikuuliza.

Barua yako ya maelezo imefika jana, safari hii upesi, lakini siku ya kupimwa nilikuwa na neno lile moja tu. Ingekuwa imefika nisingebadilika, nakuambia kweli. Mama akasirike, nikifika atanikasirikia usoni, ndicho ninachotaka. Nitapanda basi Jumatatu, siku tatu njiani, Alhamisi tarehe saba asubuhi niko stendi ya kwetu. Wa Juu atanifunga ubao kiunoni. Nitakaa kiti cha nyuma nilale. Nitakuja kama kifurushi, lakini nitakuja.

Mwambie Mama ashikilie. Vijiko sita, viwe saba.

(Dada, mimi nilimzuia. Nilimshika mpaka shati likachanika. Nataka ujue hilo.)

Kaka yako,
Tingatinga, kwa mkono wa Wa Juu

*

7 Julai 1988

Kaka,

Karani wa tiketi aliyekupa barua hii ni mtu mwema, nimemweleza ulivyo na unavyotembea. Nimemwomba akupe ukiwa umekaa. Kama bado umesimama, tafuta benchi kwanza.

Mama hayupo. Alitutoka tarehe 21 Juni, Jumanne, saa tano asubuhi, akiwa nje kwenye kiti chake. Nilikuwa nimeingia ndani kubadilisha uzi. Nilipotoka alikuwa ameangalia barabarani kama kawaida, na mimi nikaendelea kumsimulia habari ya kola ya shati kwa muda kabla sijajua.

Barua yenu wewe na Wa Juu ilifika tarehe 30. Kwa hiyo hakujua kama ulinyanyua. Nataka nikueleze hili vizuri kwa sababu najua litakuwa la kwanza kulifikiria. Kuanzia tarehe sita alikuwa ananiuliza kila asubuhi, "Simu imejibiwa?" Siku ya nne sikuweza tena. Nikamwambia imejibiwa, umesema umesikia, hukulishika boksi, uko kwenye stuli yako. Safari hii nilibuni vizuri, Kaka, au alichoka kunikamata. Akasema, "Mtoto msikivu." Akala vijiko nane siku hiyo. Kwa hiyo aliondoka hana kisirani na wewe. Lakini aliondoka akijua huji. Hayo mawili nimemfanyia mimi kwa sentensi moja, na mchana kutwa nikiwa kwenye cherehani nayapima, sijui lipi lilizidi. Kama kuna wa kukasirikiwa tukifika nyumbani, si wewe peke yako.

Tulimzika Jumatano. Watu walikuja wengi. Muuza mkaa alisimama pembeni na kofia mkononi, akaniuliza kwa adabu kama yule ndugu wa taa amepata habari. Wote waliokuwa karibu wakageuka kunisikiliza. Nilitaka kusema ukweli, nikaufikisha mpaka mdomoni. Halafu nikaona kazi aliyoifanya Mama miezi minne kwa mdomo wake, akiwa kwenye kiti kile, na si haki yangu kuibomoa mbele ya kaburi lake. Nikasema, "Amepata. Kazi imemzuia, taa haziachwi." Sasa utaingia mtaani umefungwa ubao kiunoni na watu wanakungoja uwasimulie umeme. Utawaambia nini ni juu yako. Ukitaka kusema ulikuwa unabeba vigae mpaka ukaisha, sema, nitasimama karibu yako. Ukitaka kunyamaza, nitanyamaza.

Kitanda chake nimekitoa chumba cha mbele, nimekiweka cha kwako, kigumu, daktari kaniambia mgongo hautaki godoro laini. Mwalimu ana nduguye hospitali kubwa, atakuona Jumatatu. Hakuna mtu hapa atakayekupimisha kwa boksi.

Sikuweza kukungoja nyumbani, nikusikie unapiga hodi na kuliita jina lake. Wala sikuweza kukuambia kwa mdomo hapa stendi mbele za watu. Tangu alfajiri nimejaribu, nimefungua mdomo mara ngapi sijui, hakitoki kitu, na unajua mimi ni nani. Ndiyo maana nimeandika.

Mfuko wako uache hapo chini, usiuguse. Ukimaliza kusoma inua macho. Niko ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la viatu, nimevaa gauni jeusi. Nakuona. Nangoja ukunje karatasi ndipo nivuke.

Mdogo wako